Kinanda Chepesi

Hoteli ile inayotazamana na stesheni ya Voi ilipata bendi kabla haijapata friji. Bia ilinyweka moto na watu walikuja tu, kwa ajili ya muziki. Leo ukiingia utaona picha ya meneja ukutani, amevaa tai. Ya wapiga muziki hutaiona. Wapiga muziki hawana ukuta.

Gibson alipiga kinanda, Thadeus gitaa, na ngoma zilikuwa za Musyimi. Zilikuwa zake kweli, si za hoteli. Alikuja nazo mgongoni kutoka Mtito Andei, akamwoa Wakesho, dada yake Gibson, akabaki. Kwa hiyo wawili hao walikuwa mashemeji, na walitaniana kama mashemeji, hata jukwaani, hata wimbo ukiwa unaendelea.

Wapo watakaokwambia meneja Reuben alikuwa mtu mwema. Wakumbushe ile Krismasi. Hoteli imejaa makarani wa mkonge na watu wa reli, Reuben akatangaza kwamba kuanzia leo bendi italipia chakula chake kama wateja wengine. Musyimi akapanda jukwaani na wenzake. Walipofika katikati ya wimbo akaweka vijiti chini. Gitaa likaendelea kidogo, kinanda kikaendelea kidogo, kama kuku aliyekatwa kichwa, kisha vyote vikanyamaza. Wachezaji wakabaki wameshikana viuno bila kazi. Halafu chupa zikaanza kugonga meza. Sahani zilitoka jikoni kabla povu la bia halijatulia, na nyama juu.

Tangu siku hiyo Reuben alimwita Musyimi "mheshimiwa", akicheka kwa meno peke yake. Miaka ikapita. Watu wakasahau. Reuben hakusahau.

Basi kinanda cha zamani kikafa. Kilikuwa cha mbao, kimekazwa kwa skrubu jukwaani ili mtu asikitoe, na panya walikuwa wamekula ndani kote. Gibson hakuwahi kukipiga nje ya saa za hoteli. Nyumbani kwake Ronge alikuwa akipiga meza kwa vidole, nyimbo zikisikika kichwani mwake tu, mpaka mkewe Mable akamwambia, "Baba Peris, meza itatoboka, na bado hatujasikia kitu."

Reuben akamwita ofisini. "Jiandae twende Mombasa ukachague kinanda."

"Mimi?"

"Nani mwingine anajua? Na siku ambazo hakuna dansi, utakipeleka kwako ujifunze nyimbo mpya."

Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwambia Gibson neno hilo, chagua. Shule alichaguliwa aache, ili kaka yake aendelee. Kazi ya mkonge alichaguliwa, na kufukuzwa pia alichaguliwa. Alitoka ofisini miguu haigusi chini. Alipomwambia Musyimi, Musyimi akasema, "Angalia tu shemeji, mwenye duka asikuuzie cherehani."

Muuzaji kule Mombasa alikuwa mzee wa kofia ya vito. "Karibuni, wageni wangu. Mwataka kinanda cha nyumbani ama cha dansi?"

"Cha nyumbani na cha dansi," Gibson akasema.

"Mke wa kupika na kucheza ngoma! Wapo, lakini ni wachache. Njooni muone."

Cha kwanza kilikuwa kizito. Vibao vyake vilikuwa vipana, vinashuka chini ya kidole na kurudi polepole, kama mtu anayekusikiliza. Gibson alipokandamiza mkono wa kushoto sauti ilitoka nene ikamgusa mbavu. Alifumba macho. Alipofumbua muuzaji alikuwa anamweleza habari mbaya: kinanda hicho hakilii bila stima, kinataka amplifaya na spika zake kando, na kukiinua ni watu wawili wenye afya.

Cha pili muuzaji alikileta kwa mkono mmoja. Kilikuwa cha Kijapani, betri zinaingia tumboni, spika zimo humo humo. Vibao vyembamba. Sauti ilikuwa kama mbuzi aliyefungwa mbali.

"Lakini huyu ana jambo lake," muuzaji akasema, akabonyeza kitufe.

Ngoma ikaanza. Rumba, imenyooka, haipandi haishuki. Akabonyeza kingine ikawa waltz, kingine ikawa kitu cha Wazungu. Gibson akacheka, maana ilikuwa ajabu. Kisha akamtazama Reuben. Reuben hakuwa anakitazama kinanda. Alikuwa anamtazama yeye, ametulia, kama mtu aliyetega na sasa anasubiri tu panya anuse.

Kicheko kikamkauka Gibson. "Hiki kibaya," akasema. "Vibao ni vidogo. Vidole vyangu vinapandana."

"Kweli, ni vidogo," Reuben akasema.

"Sauti nyembamba."

"Nyembamba sana."

"Watu wa dansi watacheka."

"Watacheka. Basi chukua kile kizito. Mimi silazimishi mtu." Reuben akachokonoa meno. "Ila sijui kule Ronge utakichomeka wapi. Kwenye mgomba?"

Muuzaji akacheka sana, bila ubaya. Gibson hakucheka. Afadhali angeamriwa! Mtu akiamriwa huenda akalalamika gizani, akamtukana mkubwa wake, akalala. Lakini hawa wakubwa wamejifunza. Siku hizi wanakupa kisu na kukwambia, wewe ndiye fundi, chinja unavyoona.

Akarudi kwenye kile kizito, akakipapasa. Akaja kwenye chepesi, akakipakata. Kilikaa mapajani vizuri kama mtoto. Aliona baraza yake ya Ronge, Mable anamenya ndizi, na muziki unatoka mle ndani mwao, muziki wake yeye, usio wa hoteli.

"Nachukua hiki," akasema. "Lakini ngoma zake hatutumii. Musyimi yupo."

"Kitufe ni chako," Reuben akasema. "Ni nani mwingine anajua kukibonyeza?"

Akapanda nacho Ronge, na siku ile baraza ilijaa. Majirani walileta vigoda. Gibson alipiga nyimbo za kanisani, akapiga za dansi, akajaribu hata mwazindika, ngoma ya wazee, ikatoka ya kuchekesha lakini wazee wakatikisa mabega. Mable alicheza na sufuria mkononi. Kisha akainama akabonyeza kitufe, rumba ikaruka.

"Wee! Kumbe Musyimi wamemtia humu ndani!"

"Zima!" Gibson akampiga mkono. Si kwa nguvu, lakini majirani waliona.

Mable alingoja watu waondoke. "Umenunuliwa ng'ombe, sasa unaogopa maziwa?"

Gibson akamweleza yote, duka na kile kizito na jinsi Reuben alivyomtazama. Mable akaendelea kumenya ndizi.

"Kamwambie mwenyewe," akasema mwishowe. "Asije akasikia kwa watu. Wakesho ni dada yako, atakuja hapa kulia, na mimi sina la kumwambia."

Gibson alisema atamwambia. Alishuka Voi akiwa na maneno tayari, ameyapanga. Akamkuta Musyimi hotelini, anakaza ngozi ya ngoma, na kabla hajafungua mdomo Musyimi alikuwa ameshakinyakua kinanda na kukigeuzageuza.

"Hii ndiyo cherehani yenyewe?" Akabonyeza huku, akabonyeza kule, rumba ikatoka. Macho yakamtoka. Akachukua vijiti, akapiga sambamba na mashine, akaikata, akaizunguka, akairudia. "Huyu kijana ana mkono, shemeji! Ila hapumui. Hebu mwambie apumue."

"Sitakibonyeza, shemeji. Nilimwambia meneja."

Vijiti vikasimama. "Kwani meneja alisema nini?"

"Hakusema."

"Dukani kulikuwa na kingine?"

"Kulikuwa."

"Chenye ngoma?"

"Hakikuwa na ngoma."

Musyimi akakizima mwenyewe. "Na mbona hukukichukua?"

Maneno yote aliyoyapanga yalimpotea Gibson. "Kilikuwa kizito," akasema.

"Kizito." Musyimi aliitazama seti yake, ile ngoma kubwa ya mguu, matoazi, vyuma vyake vyote. "Mimi nilikuja na hizi mgongoni, Gibson. Hakuna mtu alinipa nyepesi." Hakumwita shemeji.

Jumapili alasiri dansi likaanza kama kawaida. Watu walikuwa wengi, mishahara ya mkonge ilikuwa imetoka. Bendi ilipopumzika, sahani hazikuja. Musyimi akaenda jikoni, akarudi mikono mitupu. Nyuma yake alikuja Reuben mwenyewe, na Reuben akasema maneno yale yale ya ile Krismasi, neno kwa neno, kama aliyekuwa ameyahifadhi kwenye chumvi: kuanzia leo bendi italipia chakula chake kama wateja wengine.

Wakapanda jukwaani. Gibson alijua kitakachotokea, Thadeus alijua, hata mhudumu wa baa alijua. Katikati ya wimbo Musyimi akaweka vijiti chini.

Gitaa likafa. Gibson akaondoa mikono kwenye vibao. Wachezaji wakasimama, na chupa ya kwanza ikagonga meza.

Reuben alipanda jukwaani bila haraka. "Gibson. Mheshimiwa amechoka. Bonyeza."

"Ulisema kitufe ni changu."

"Nilisema. Bonyeza basi."

Gibson aliweka mikono magotini. Hiyo ndiyo nguvu aliyokuwa nayo, na aliitumia yote. Alingoja sahani zitoke.

Reuben akanyoosha kidole, akabonyeza. Hata kukitafuta hakukitafuta. Tangu siku ile dukani alikuwa akikijua kilipo.

Rumba ikaanza. Chupa zilinyamaza. Karani mmoja akamvuta mwenzake, akarudi sakafuni, na wengine wakamfuata, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ngoma inatoka wapi. Walikuwa watu waliokuwa wakimjua Musyimi kwa jina. Walikuwa wamemnunulia bia. Wakacheza.

Gibson akazima. Reuben akawasha. Gibson akazima tena, Reuben akawasha tena, na watu wakacheka wakidhani ni mchezo waliopangiwa, wengine wakapiga makofi. Hapo damu ikamchemka Gibson. Akakikwapua kinanda, akakitia kwapani, akashuka nacho jukwaani, akapita katikati ya wachezaji na kutoka mlangoni, rumba inaendelea kupiga ubavuni mwake. Nje kulikuwa na jua kali. Akina mama wa machungwa waliacha kupanga machungwa yao wakamtazama mtu anayekimbia huku anapiga dansi.

Musyimi alimfikia karibu na reli. "Zima hiyo."

Akazima. Wakahema.

"Sasa tumegoma," Gibson akasema.

"Mimi nimegoma. Wewe umeiba." Musyimi akajifuta jasho. "Na ngoma zangu zimebaki ndani."

Wakarudi. Walimkuta Reuben mlangoni, na nyuma yake mabawabu wawili wamesimama mbele ya ngoma. "Lete changu, chukueni chenu," akasema. "Mimi si mwizi."

Gibson alikikumbatia kile kinanda. Angeweza kugeuka. Ronge angefika nacho. Angekipiga barazani, labda mpaka kesho asubuhi, mpaka polisi waje. Alifikiria hivyo, shemeji yake akiwa amesimama kando, na kufikiria kwenyewe kulichukua muda mrefu kuliko inavyopasa. Musyimi aliona.

Akakitoa. Reuben akakipokea kwa mkono mmoja.

Walizitoa ngoma moja moja, watu wakiwapisha kwa adabu kama wanaopisha jeneza. Ile kubwa ya mguu ilibaki ya mwisho, nao wakaishika wawili. Walikuwa wameifikisha barabarani wakati rumba ilipoanza tena mle ndani. Punde gitaa la Thadeus likaingia juu yake. Lilikosea mara moja, likajirekebisha, likaendelea.

"Shemeji," Gibson akasema. "Siku ile dukani—"

"Inua upande wako," Musyimi akasema. "Uzito wote umeniachia mimi."