Weusi wa Mgongoni

Mshonaji aliitua ndoo bila kungoja kukaribishwa, akamsukuma binti yake mbele kwa kidole. "Shikamoo, mzee. Hebu muangalie samaki wako."

Mzee Beseni aliinama, ingawa hakuhitaji kuinama ili aone. Samaki aliyemuuzia mama huyu kabla ya mvua alikuwa mwekundu, mgongo na mapezi meusi tii, na kichwani ile kofia ya nyama ambayo wateja huuliza kama ni uvimbe. Sasa alikuwa mwekundu mtupu. Weusi ulibaki kwenye ncha ya mkia tu, kama masizi ambayo mtu amesahau kuyafuta.

"Amemsugua kwa brashi," mama alisema. "Niliikuta kando ya tangi. Anakana mpaka leo, na nimemchapa vya kutosha."

Binti alikuwa amefika umri wa kuona haya kulia mbele ya watu. Aliyakazia macho mabeseni.

Yalijaa ua mzima, na ndiyo yaliyompa mzee jina. Humo mlikuwa na samaki wenye macho ya kutokeza, wenye mikia kama pazia, na wale wa madoadoa ya kila rangi, utadhani mpaka rangi kawamwagia masalia ya makopo yake. Hao wa madoadoa hawakumsumbua. Kazi ilikuwa kwa wekundu wenye weusi, maana weusi wao ni wa utotoni. Wengi huupoteza wakikua, wala hakuna dawa. Beseni jeusi likiwekwa kivulini huuchelewesha kutoka kidogo. Tena huanza kuondokea tumboni, na anayetazama beseni kutoka juu haoni tumbo. Siku alipomuuza huyu, tumbo lilikuwa limeshaanza kung'aa, naye akausifu mgongo mpaka mate yakamkauka.

Angeweza kusema hapo hapo, lakini ulimi ulimtangulia. "Itakuwa maji," alisema. "Yakibadilishwa vibaya, rangi hukimbia."

Alidhani lawama zitayaangukia maji, ambayo hayana mgongo wa kuchapwa.

"Na nani hubadilisha maji?" Mama alimgeukia mtoto. "Si wewe?"

Binti alitazama chini, kisha akapiga hatua moja kumwelekea mzee.

"Nisamehe, Babu," alisema taratibu. "Nimekuharibia samaki wako."

Aibu ilimpanda mzee mpaka masikioni. Alishatukanwa na wateja, akaitwa tapeli hadharani, akacheka na kwenda kulala usingizi wake. Kuombwa radhi kulikuwa hakujamkuta. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na mabeseni yake yote.

"Hukumharibu," alisema, akimtazama samaki, maana wale wawili hakuweza kuwatazama. "Weusi wao hutoka wenyewe. Hata asingeguswa na mtu, ungetoka. Nilikuwa najua nilipomuuza."

Mzee alingoja matusi, na kwa kweli aliyataka; yangemtua mzigo. Hayakuja. Akaanza kubabaika kwamba wachague mwingine, yeyote wamtakaye, akawaonyesha beseni hili na lile, sauti ikififia njiani. Hakuna aliyemsikiliza.

Mama alikuwa akimtazama mtoto wake. "Sasa ile brashi..." alianza.

"Nilikuwa nasugua kioo cha tangi," binti alisema. "Nilikwambia."

Mama alinyoosha mkono amshike bega. Binti alisogea, si kwa hasira, alisogea tu, akaenda kuchuchumaa upande wa pili wa ndoo. Mkono ukabaki hewani juu ya maji, na samaki, akidhani analetewa chakula, akapanda juu na kufungua mdomo.