Mkanda wa Mlangoni

Nilichokiona kwanza ni mkanda mmoja wa ngozi uliokuwa mrefu kuliko wenzake. Ulining'inia karibu na mlango, umeungwa kwa mshono ambao si wa fundi, na pete yake ilishuka chini ya nyingine kwa kiganja kizima.

Mimi nilipewa kazi ya mikanda hiyo, ya abiria waliosimama kujishikilia. Gari lilikuwa moja ya yale ya zamani ya reli ya chini ya ardhi ya Budapest, na karakana yetu ilikuwa inalitengeneza kwa ajili ya sherehe za miaka mia. Handaki lile lilichimbwa karibu sana na barabara, kwa hiyo dari lake ni la chini. Waliolibuni gari walipinda vyuma vyake kama shingo ya bata: vikapanda juu ya magurudumu, kisha vikashuka, ili sakafu ya katikati ikae chini na abiria waweze kusimama. Mikanda nayo ikakatwa mifupi, pete zisiwapige watu usoni.

"Huu ukate ulingane na mingine," alisema injinia Kinga, mchoro mkononi. "Wakaguzi wanakuja kesho."

Mzee Ambrus, aliyeendesha magari hayo mpaka yalipoondolewa kazini, alikuwa akitueleza habari za breki. Akaziacha breki katikati, akaenda zake. Mchana alirudi na mkewe, Bibi Piroska, aliyebeba sahani ya vimkate vya moto vya pogacha.

"Nasikia mnataka kunikata," Bibi akasema.

"Tunakata ngozi tu, mama," Kinga akajibu.

"Ndiyo mimi hiyo! Nilikuwa nauza tiketi hapo mlangoni. Pete nilikuwa siifikii; gari likipinda, naangukia watu mapajani. Huyu akauongeza kwa kipande cha mkanda wa suruali yake, na wala hatukuwa tunajuana."

"Nilichoka na malalamiko ya abiria," Mzee akasema.

"Mwongo! Ulikuja kuniposa suruali umeishikilia kwa mkono."

Mafundi wakacheka. Kinga alitabasamu tu. Alisema gari la maonyesho huonyesha lilivyobuniwa, na kila aliyelifanyia kazi akiachiwa chake, mwisho gari lenyewe halitaonekana. Hakukosea.

Bibi akapanda, akasimama mahali pake, akanyoosha mkono. Vidole havikuifikia pete. Akainuka kwa ncha za viatu. Bado.

"Nimefupika," akasema. "Basi kateni. Hata mkanda wangu haunijui tena."

"Usikate," Mzee akaniambia mimi. "Ongeza." Akaanza kufungua mkanda wa suruali.

"Ambrus! Mbele za watu? Una wazimu wewe?"

Hapo Kinga akacheka kweli, akaukunja mchoro. "Funga suruali, mzee. Hatukati, hatuongezi. Mchoro huu ni wa gari lilipozaliwa. Sisi tutalionyesha kama lilivyostaafu. Wakaguzi niachieni mimi."

Bibi akashuka, akaanza kugawa pogacha, akimgombeza mumewe.

Nilibaki ndani nikiipaka ngozi mafuta. Mimi ni mfupi. Niliishika ile pete, ikakaa mkononi bila kunyoosha vidole.

"Na wewe una la kusema?" Kinga aliniuliza kutoka mlangoni. Nikatikisa kichwa.

Nilikuwa nalo. Nilimwonea wivu Bibi Piroska. Mimi hakuna aliyewahi kuniangalia nikiwa kazini akaona nisichokifikia.