Nyongo Zilizofutwa

Watu wa Guangzhou wenye ugonjwa wa muziki huziita nyongo. Ni zile taa za kioo za redio za kale, nene kama kidole gumba, ambazo ukizitia umeme matumbo yake huwa mekundu kama kaa la moto. Amplifaya yenye taa hizo ni mashine ya nyongo, na mtu akichoshwa na sauti aliyonayo huchomoa hizi, akachomeka zile, akasema nimebadili nyongo. Kuang Bingkun alibadili nyongo kama wenzake wanavyobadili soksi. Mkewe, Yinhao, alikwisha kuzoea.

Jambo ambalo hakulizoea ni kuchunga ulimi wake. Mwaka jana, siku ya kwanza ya mwaka mpya wa Kichina, siku ambayo mdomo haufunguliwi kwa neno la kuvunjika, la ugonjwa wala la kufa, maana linalotamkwa hutimia, alimwita mumewe kwenye chai na mumewe hakuitika. Yinhao akamtania, "We mzee, umekuwa kiziwi?" Wakacheka. Joto la mwaka huo halijaisha, sikio la kushoto la Kuang likazimika. Daktari alisema ni kelele za kiwanda cha nguo alikofanya kazi ujana wake wote. Kuang hakubishana na daktari. Alirudi nyumbani, akamwambia mkewe, "Uliniita kiziwi, nikaitika." Tangu siku hiyo mkono wake haukumgusa mkewe hata kwa bahati mbaya.

Likabaki sikio la kulia. Ndilo alilosikilizia muziki, kwa hedifoni, mchana kutwa.

Sasa mwaka mwingine ulikuwa unabisha hodi. Siku ya ishirini na nane ya mwezi wa mwisho kila nyumba ya Guangdong huoshwa, na Yinhao haachi pembe. Juu ya kabati akakuta kopo la biskuti, na ndani yake nyongo nne zenye vumbi alizoleta Mai, rafiki wa mumewe. Akachukua kitambaa cha maji ya sabuni. Akafuta ya kwanza, akafuta ya pili, zikang'aa kama glasi za harusi. Kisha akaona kitambaa kimepata weupe, kama wa chaki. Akatazama maandishi ubavuni: yalikuwa yamepungua mkia. Akaacha hapo hapo, akazirudisha koponi, akanyamaza. Maandishi ya nyongo za zamani hayaguswi hata kwa kidole chenye jasho. Kila mwenye ugonjwa ule anajua, na kila mmoja hudhani mkewe naye anajua.

Siku ya kwanza ya mwaka, asubuhi, Mai akaja na machungwa yake.

"Heri na utajiri, shemeji! Mbona wewe unazidi kuwa msichana na huyu anazidi kukauka? Unamnyima supu?"

"Supu anakunywa, shemeji. Yote inakwenda kwenye nyongo."

Wakacheka wote watatu. Kuang akateremsha kopo.

"Zangu zimechoka, zinavuma kama nyuki. Leo natia zako."

"Tia zile za namba 6N1," Mai akasema. "Mbili zilizobaki ni 6N11, nirudishie, ni za redio yangu."

"6N11 ipi? Zote nne ni 6N1. Soma mwenyewe."

Mai akapapasa mifuko. Miwani ameiacha nyumbani. Akasogeza nyongo dirishani, akakunja uso. "Kweli. Kumbe muuzaji kanichanganyia. Au macho yangu sokoni yaliona moja ikawa mbili."

"Umepata bahati ya mwaka mpya."

"Bahati ni yako, kaka. Hizo 6N11 ni dada zake, lakini laini, umeme wa mashine yako hawauwezi. Ungezitia humo zingekuimbia vizuri kabisa, zikulaghai, halafu zikutemee moto ndani ya si—" Alijikamata, akakumbuka siku. "Ndani ya siku njema."

Yinhao alikuwa mlangoni na sahani ya keki ya figili. Sahani ikawa nzito. Ule weupe kitambaani ulikuwa namba. Ile moja ya mwisho ya 6N11.

Kuang, kama mtu yeyote, alichagua mbili zilizo safi.

"Si mngengoja kesho?" Yinhao akasema. "Leo ni ya kupumzika."

"Mwaka unakuwa kama ulivyouanza. Nauanza na muziki."

"Basi tia zile zenye vumbi."

"Kwa nini?"

Akatafuta neno. Kila neno la kweli lilikuwa la mwiko: kufutika, kuungua, kupasuka, na lile jingine ambalo lilikwisha kumgharimu mwaka mzima. "Zile... zinaonekana zina busara zaidi."

"Ehee! Shemeji naye kaugua!" Mai akapiga paja. Kuang hakucheka. Alichomeka zile safi, akawasha. Matumbo ya kioo yakaanza kuwa mekundu polepole. Akanyoosha mkono kwenye hedifoni.

Yinhao akaweka sahani chini, akainyakua hedifoni.

"Mimi kwanza."

"Wewe? Miaka yote hii unaziita kofia za wendawazimu!"

"Mwaka mpya, mzee."

Kuang akamtazama. Kisha, taratibu, akamsogezea nywele nyuma ya masikio na kumvalisha mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vya moto.

Sauti ya mwanamke ikaingia, opera ya zamani ya kwao. Yinhao hakujua kwamba kulikuwa na vitu vingi namna ile humo ndani: pumzi kati ya neno na neno, ulimi wa mwimbaji ukigusa meno. Ilikuwa nzuri mpaka ikamtia hofu. Hakuondoa macho kwenye zile nyongo mbili. Ndani ya moja ikatokea rangi isiyo nyekundu, ya bilinganya, ikajificha.

"Vipi?" midomo ya Kuang iliuliza.

"Nzuri."

"Basi nipe."

"Bado. Zima kwanza, uje ule, keki inapoa."

"Keki iache ipoe. Nipe, bwana!"

"Bado, nimesema!"

Kuang akacheka, kicheko chake cha zamani. Akapiga magoti kando yake, akauvuta upande mmoja wa hedifoni na kuugeuzia kwenye sikio lake la kulia, ili wasikilize wote wawili, shavu kwa shavu. Ile rangi ya bilinganya ikarudi. Safari hii haikuondoka.

"Toka!" Yinhao akapiga ukelele. "Utakuwa kiziwi!"

Akamsukuma uso kwa kiganja chote. Hedifoni ikaruka ikarudi kulipiga sikio la Yinhao, na hapo hapo nyongo ikatema.

Hakukuwa na sauti, kwake. Ilikuwa kama kupigwa ubao pande zote mbili za kichwa. Alipofumbua macho, Mai alikwisha kuchomoa waya ukutani, mdomo wazi. Kuang alikuwa ameketi sakafuni, amekunja uso kwa hasira ya lile neno, kulisema siku hii tena, mbele ya mgeni. Midomo yake ilikwenda mbio. Yinhao aliitazama.

"Nilizifuta," akasema. "Kwenye usafi. Moja ya mwisho ikatoka na kitambaa." Hakuisikia sauti yake; alijua kwamba amesema kwa sababu koo lilitetemeka.

Midomo ya Kuang ikasimama. Akaja kwa magoti, akasema jambo, akalirudia, mishipa ya shingo imemtoka.

"Wewe unasikia?" Yinhao akamuuliza.

Akaitikia kwa kichwa.

"Lile la kulia?"

Akaitikia tena.

"Basi," akasema Yinhao, akavua hedifoni, akaiweka mezani kando ya keki. Mai alikuwa bado amesimama na waya mkononi, hajui aweke wapi.