Mpangaji Aliyerudi Kula Garanti Yake

Wiki mbili baada ya kuzikwa, Élie Kabeya alirudi nyumbani Jumatano jioni, saa ambayo watu wote wa mtaa wa Golf hurudi kutoka kazini. Papa Kasonde, mwenye nyumba, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, akimsimamia fundi aliyekuwa akilaza sementi kwenye baraza la aneksi mpya, kijumba cha kupangisha. Alimwona mpangaji wake akiingia getini na udongo mwekundu umemganda miguuni hadi magotini, na jambo la kwanza lililomjia kichwani lilikuwa ile sementi.

"Papa, bonsoir," Élie alisema. "Nakuya kukula garanti yangu. Ulisema vile mbele ya bantu."

"Nilisema, ni kweli. Pangusa miguu kwanza, utachafula simenti."

Élie akapangusa miguu kwenye gunia, akaenda kukaa kwenye kigoda chake mbele ya mlango wa aneksi ya nyuma.

Na kweli Kasonde alikuwa amesema, tena msibani, mbele ya mchungaji na nusu ya mtaa. Delphine, mjane wa Élie, alikuwa amemwendea kwa heshima, kanga imefungwa kiunoni, watoto wamemshika sketi. "Papa, miye na batoto tunarudia ku Lukafu. Tupatie ile garanti, tupate ya kuanzia."

Lubumbashi nzima inajua garanti ni nini: kodi ya miezi kadhaa ambayo mpangaji humwekea mwenye nyumba siku anapoingia, na mwenye nyumba huitunza ili amrudishie siku anapotoka. Lubumbashi nzima inajua pia kwamba hakuna anayeitunza. Ya Élie ilikuwa imeshageuka mabati ya aneksi mpya. Ndiyo maana mpangaji mwenye akili hangoji kurudishiwa. Hukaa miezi yake ya mwisho bila kulipa, na hiyo ndiyo kula garanti. Mabati lakini hayarudi kuwa pesa kwa sababu ya kilio cha mtu, na Kasonde, mtu wa hesabu, alipata jibu papo hapo.

"Garanti iko ya Élie. Jina yake njo iko mu kontra. Kama anaitaka, akuye aikule yeye mwenyewe."

Alijisikia vizuri sana baada ya kusema vile. Delphine alipanda lori la mahindi akaenda zake Lukafu mikono mitupu. Élie, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kufuata masharti, akayafuata na haya.

Inafaa isemwe pia alikufaje, maana hakuna aliyeficha. Waya wa umeme wa aneksi ulipita chini ya mabati, panya wakala ngozi yake, na kila mvua iliponyesha mlango wa chuma uliuma kwa umeme. Élie alimweleza mwenye nyumba mara nyingi. Fundi aliyeitwa alisema ni kazi ndogo: abadilishe waya, kisha azike fimbo ya shaba ardhini ili umeme ukipotea njia ushukie huko. Kasonde aliifahamu vizuri fimbo hiyo, alikuwa nayo moja imezikwa nyuma ya villa yake, ndefu na nzuri. Lakini shaba ni ghali, hasa katika mji uliojengwa juu ya shaba, na kanuni yake ya uwekezaji ilikuwa fupi: nyumba ya kupangisha inalisha, hailishwi. Kwa hiyo alifanya marekebisho yake mwenyewe. Alifunga kipande cha kitenge kwenye kitasa, akaamuru mlango ufunguliwe kwa kitenge hicho tu wakati wa mvua. Mvua za kwanza za Oktoba zilikuta Delphine amekifua kile kitenge, kipo kwenye kamba. Fimbo haikuzikwa. Akazikwa Élie.

Basi akawa anakuja kila magharibi. Hakuwa na usumbufu. Hakula, hakutumia maji, hakupanga foleni chooni. Watu walipofika kutazama chumba kitupu alisimama, akashika kitasa kwa mkono mtupu, akawafungulia, kwa kuwa umeme haukuwa na la kumfanya tena. Watu walipolala alirudi makaburini.

"Papa," alisema jioni moja, akiutazama waya, "na ile fili ya mulango?"

"Ile fili itakufanya nini tena, weye?"

"Miye, hapana kintu. Lakini bengine batakuya."

Kasonde aliona hoja ile haina haraka. Kilichomkera ni chumba kuwa na mtu asiyelipa, akaenda kwenye ofisi ya makazi ya komini, yaani manispaa, kuuliza kama marehemu anaweza kufukuzwa. Karani hakuinua hata kichwa. Alieleza kwamba sheria haiulizi mpangaji ana hali gani, inauliza kama ana kontra, yaani mkataba. Kwamba notisi ni ya miezi mitatu. Kwamba mwenye nyumba lazima apangishe nyumba isiyohatarisha maisha na afanye matengenezo makubwa kwa gharama yake. Kisha akauliza garanti ilikuwa ya miezi mingapi, kwa sababu kwa nyumba ya kukaa sheria inaruhusu mitatu tu. Ilikuwa sita. Kasonde akakumbuka ana mgonjwa nyumbani, akaaga. Njiani alitafakari yote aliyoambiwa akachagua moja lililomfaa, kwamba sheria haiulizi mpangaji ana hali gani.

Januari akamwita Kunda, komisioneri, yule mtu wa mtaa ambaye kazi yake ni kuwatafutia watu nyumba na kula kodi ya mwezi mmoja kwa kuonyesha mlango.

Kunda alimtazama Élie aliyekaa kama mlinzi kwenye kigoda, akatazama mlango, akatabasamu. "Papa, tuko na chance. Sentineli mwenye hakuli, halali, haombe mushahara! Utamupata wapi?"

Chumba kikapanda bei, kwa sababu ya usalama.

Aliyekichukua ni Exaucée, mwanamke wa asili ya Kasai aliyekuwa akiuza vitenge sokoni, na binti yake wa miaka minne, Chancelvie. Exaucée alikagua dari, akakagua choo, kisha akauliza, "Na huyu papa wa ku mulango?"

"Locataire wa mbele," Kunda alimjibu, akimaanisha mpangaji wa zamani. "Alikufa mu mvula. Iko anamalizia garanti yake."

"Analewaka?"

"Hapana."

"Basi, haina mambo."

Akalipa garanti ya miezi sita, ambayo jioni ile ile iligeuka matofali ya aneksi nyingine.

Mtoto ndiye aliyeharibu utaratibu. Chancelvie alikuwa wa kuingia na kutoka kutwa nzima, na kitasa kilikuwa usawa wa uso wake. Élie akaacha kungoja magharibi. Mawingu yakikusanyika tu, hata saa nane mchana, yeye huyo getini na udongo wake miguuni, anakimbia kama mtu aliyesahau sufuria motoni. Mtoto akazoea kusimama mbele ya mlango mikono nyuma na kuita, "Ba Élie, nifunguliye!" Exaucée alimwomba Kasonde atengeneze waya. Kasonde akamwonyesha Élie kwa kidole na kumwuliza anataka matengenezo gani zaidi ya hayo.

Aprili, garanti ikakaribia kuisha.

"Papa, nakupatia preavi," Élie alisema. Sauti yake ilikuwa imefifia. "Ku mwisho ya mwezi naenda. Nitafwata Delphine na batoto ku Lukafu, nibaone, kisha nilale. Nilisha kuchoka."

Alikuwa amechoka kweli, ilionekana hata kwa Kasonde, ambaye si mwepesi wa kuona vitu vya namna hiyo. Usiku ule Kasonde hakupata usingizi. Asubuhi akamwita fundi, akasikia tena bei ya waya na fimbo ya shaba, akamshukuru, akaenda kumsimamia fundi wa matofali.

Siku ya mwisho ya mwezi Élie alikuja mapema kuaga. Alimpa Exaucée mkono, akamkabidhi Kasonde ufunguo wake wa zamani, akafika getini. Hapo ngurumo ikapiga. Ilikuwa mvua ya mwisho ya msimu, zile zinazokuja bila salamu, na Chancelvie, aliyekuwa akicheza kwenye mchanga wa fundi, akatimua mbio kuelekea mlangoni. Alisahau kuita. Mkono wake ulikuwa umeshanyooka.

Élie alifika kabla yake. Hakuna aliyemwona akipita uani. Alisimama tu pale, kitasa mkononi, mlango wazi, na mtoto akaingia ndani akicheka, kichwa kimelowa.

Élie hakuachia kitasa. Aliutazama waya kwa muda mrefu, kisha akamtazama Kasonde. Kasonde, chini ya mwavuli, alihisi kifua kikifunguka kwa furaha.

"Unaona? Haukuenda. Locataire mwenye anabakia kisha kontra kuisha, kontra inarudiliwa yenyewe. Ni loi," alisema kama mtu anayesoma sheria.

"Na fili, papa?"

"Tutaona."

Élie akarudi kwenye kigoda. Mvua ilipopungua, alimwita Exaucée kwa sauti ya chini na kumwomba, akiona lori la mahindi la Lukafu pale sokoni, ampe dereva ujumbe wa kumpelekea Delphine: asimngojee. Exaucée akaitikia, akafuta machozi kwa kitenge, akaenda kuwasha makaa ya mbabula, maana mtoto alikuwa na njaa.

Kasonde akavuka uani kwenda kukagua aneksi mpya, ile iliyojengwa kwa garanti ya Exaucée. Waya ulikuwa umeshafika, umevutwa kutoka aneksi ya nyuma, chini ya mabati, ili kuokoa gharama. Mlango ulikuwa wa chuma, mzuri, umepakwa rangi ya buluu. Aliugonga kwa fimbo ya mwavuli, akaridhika nao. Kilichobaki ni kumpata wa kukaa kwenye kigoda mbele ya mlango huo, na hilo halikumtia wasiwasi, kwani Kunda alikuwa ameshamletea mpangaji, na Oktoba mvua zingerudi.