Kauko Anasugua Boti ya Watu

Kosa lenyewe lilianza saa mbili asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Kufikia saa nne klabu nzima ya boti ya Kuusiniemi ilikuwa inalijua, isipokuwa mtu mmoja: aliyelifanya.

Huyo ni Kauko Lehtimäki, mgane wa miaka sabini, bingwa wa kuandaa boti kwa majira ya baridi. Kwa miaka thelathini na moja boti yake ilikuwa inalazwa namba kumi na nne, pale kwenye uzio. Mwaka huu Tellervo, msimamizi wa bandari, alibadilisha nafasi na kubandika tangazo ubaoni. Kauko hasomi matangazo ya wenzake, huyasahihisha tu. Kwa hiyo kreni ilipokalisha boti nyeupe yenye mstari mwekundu kwenye namba kumi na nne, Kauko alivaa viziba masikio, akawasha mashine ya kurusha maji na kuanza kulisugua tumbo la boti hiyo.

Boti za namna hiyo klabuni ziko nane, ya Kauko ikiwa mojawapo, zote zilinunuliwa siku moja kwa bei ya jumla. Hii aliyoikamata ilikuwa ya Osmo, mwanachama mwenzake aliyepewa namba kumi na nne.

Osmo alisimama hatua kumi nyuma yake na ndoo mkononi. Yeye maandalizi yake ya msimu siku zote ni kutupia turubai juu na kumwachia Mungu na fundi wa injini. Sasa alikuwa anaitazama boti yake ikisuguliwa kwa upendo ambao haijawahi kuuonja. Hilo angeweza kulivumilia. Kilichomkosesha raha ni boti ya Kauko mwenyewe, iliyokuwa bado inaelea kwenye gati. Kreni inaondoka saa nane mchana na hairudi hadi Mei. Ziwa lilishaanza kuganda ukingoni. Boti ikibaki humo, barafu itaipasua injini kama yai.

Alimpigia simu mkewe, Sirkka, ambaye ametoka Karelia, huko ambako watu huongea hata na dereva wa basi.

"Mwambie," Sirkka alisema.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba hiyo boti ni yako, mume wangu. Ni maneno manne."

"Na yeye atasema nini?"

"Atasema samahani."

"Unaona sasa," Osmo alisema. "Mzee wa watu nimfikishe hapo?"

Hakuwa peke yake. Kamati ilikutana kwa dharura kuzunguka sufuria ya supu ya njegere. Kikao kilichukua dakika nne. Katibu aliandika kwamba mwanachama asisumbuliwe akiwa kazini. Mmoja alipendekeza Kauko apelekewe kahawa. Pendekezo likakataliwa, maana atakayeipeleka itambidi aseme neno.

Saa saba na nusu Tellervo alifika mwisho wa orodha yake ya boti za kutolewa majini.

"Kauko Lehtimäki," aliita.

"Yupo," Osmo alijibu.

"Nimekuita wewe?"

"Ana kazi, mama."

Tellervo alitazama kule kwenye uzio. "Yule bado anasugua boti yako?"

"Bado."

"Na hajui?"

"Naona anafurahi."

Tellervo alitafakari. Ni mwanamke asiyeogopa dhoruba wala mkaguzi wa kodi. "Basi ya kwake ilete wewe," alisema. "Kreni haitamngoja mtu kufurahi."

Funguo zote hutundikwa kwenye misumari ofisini. Osmo aliuchukua wa Kauko kwa vidole viwili kama mwizi wa mayai, akaiendesha boti hadi chini ya kreni, na saa nane kasorobo ikakalishwa kwenye magogo ya namba kumi na tano, nafasi yake mpya, nyuma kabisa ya mgongo wa mwenyewe.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo Osmo hajawahi kuifanya maishani. Kauko alikuwa ametumia saa sita kwenye tumbo peke yake, sasa ndiyo kwanza anaingia kwenye injini. Osmo alinakili kama mwanafunzi kwenye mtihani. Kauko akitoa betri na kuibeba kama kichanga, naye akatoa na kubeba. Kauko akimwaga oili ya zamani, naye akamwaga, nyingine kwenye kiatu. Kauko alipoinama ndani na kufungua kitu fulani, Osmo aliona makalio tu. Kwa hiyo naye aliinama, akafungua koki ya kwanza aliyoiona, maji yakatoka, akaridhika. Akamimina dawa ya kuzuia kuganda, akatandika turubai.

Saa kumi Kauko alizunguka kufunga kamba ya nyuma, akajipenyeza kati ya boti na uzio. Pale kwenye shetri, nyuma ya boti, kwa herufi kubwa kama mikate, pameandikwa SIRKKA.

Alivua viziba masikio. Alimtazama Sirkka kwa muda mrefu. Kisha akageuka, akamwona Osmo juu ya boti nyingine, anapigana na fundo.

Kule kwenye sufuria watu wote waligeukia supu yao, iliyokwisha zamani.

Kauko alikuja hadi namba kumi na tano. Masikio yalikuwa mekundu, na hayakuwa mekundu kwa baridi.

"Maji ya injini ulitoa?" aliuliza.

"Nilitoa."

"Koki zote mbili?"

Osmo aliangalia chini. Angeweza kuitikia tu, mambo yakaisha salama hadi Mei. "Moja," alisema. "Sikujua kuna ya pili."

Kauko alipanda. Akafunua turubai, akainama, akaingiza mkono hadi begani. Maji yalianza kutiririka kwenye kikombe alichokiweka chini. Nusu kikombe. Akakitoa, akakiweka ukingoni baina yao, wakakitazama.

"Hayo yangetosha kuipasua," Kauko alisema.

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Wakabaki pale hadi utando mwembamba wa barafu ulipoanza kushika juu ya kikombe. Kisha Kauko akamimina dawa upya, mwenyewe, na Osmo akamshikia chupa.

Nyumbani Sirkka alikuwa anangoja mlangoni.

"Enhe, uliongea naye?"

"Sana," Osmo alisema, akivua kiatu chenye oili.

"Mliongea nini?"

"Maji."