Shavu la Upande wa Moto

Mathenge alisimama mbele ya picha, mikono kiunoni, akaguna kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana.

"Oketch, nilitaka mwanamke anayekaanga samaki. Huyu uso mwekundu, uso kijani, ni ugonjwa gani? Na haya manundu?"

"Nimepaka kwa mwiko wa fundi, Mzee. Rangi imechanganywa na mchanga wa ufuo wa Dunga."

"Ipige msasa, umpake kahawia kama watu. La sivyo natundika kalenda."

Hoteli ya Mathenge, pale Kondele, ilikuwa ikifunguliwa mchana huohuo. Oketch alikuwa ameandika mabango ya vinyozi na vinu vya unga mtaa mzima wa Manyatta, lakini picha yake mwenyewe haikuwa imewahi kupata ukuta. Akaupokea msasa alionyooshewa, akaukunja, akauingiza chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.

"Meza imetulia. Uso hauguswi. Mama niliyemchora hushinda motoni. Shavu la upande wa moto ni jekundu, la upande wa moshi ni kijani. Kahawia ni ya kabati."

Mathenge akaenda kuleta kalenda.

Wageni wakaanza kuingia. Mama Beldina, fundi wa kukandika nyumba, alifanya lile wanalofanya wanawake wa ziwani wakiingia nyumba mpya: alipitisha kiganja ukutani. Kwao ukuta husifiwa na mkono kabla ya mdomo. Kiganja kikafika kwenye picha iliyoegemezwa pale, kikapanda nundu za rangi iliyokauka, kikashuka hadi kidevuni, kikasimama.

"Awuor," aliita, "njoo uone ulivyowekwa hapa."

Awuor, mkaanga samaki ambaye hapunguzi bei hata kwa shemeji, akaja na kuitazama picha. Oketch, pamoja na majivuno yake yote, akarudi hatua moja nyuma. Awuor akaligusa shavu jekundu.

"Ni mimi," alisema, "siku mtu ananiambia samaki ni mdogo."

Hoteli ikaangua kicheko. Wanawake wakasukumana, kila mmoja akitaka kushika. Mathenge alirudi, kalenda kwapani, akakuta chakula kinapoa na hakuna aliyejali. Akaitupa kalenda nyuma ya kaunta.

"Nyundo iko wapi?"

"Weka juu zaidi," Oketch akamwamuru, "hata wa barabarani waione."

Mathenge akapigilia msumari kwa mkono wake mwenyewe. Aliposhuka kwenye kiti, akanong'ona, "Na mimi ungenipaka rangi gani?"

Oketch akakigeuza kiti kuelekea mlangoni.

"Kaa hapo penye jua, Mzee, nikuone."