Ushuhuda wa Prosesa

Valens wa Kashebere aliishi kwa kutengeneza video za harusi. Kompyuta yake mpya ilitoka Goma na garanti ya mwaka mzima: ikiharibika yenyewe, anapewa nyingine, akichezea mwendo wa prosesa, ule ubongo wa mashine, shauri yake. Bila mashine hiyo angerudi kulima maharagwe ya baba mkwe, na mzee huyo aliingoja siku hiyo kwa hamu isiyofichika.

Lakini harusi za Masisi zina hotuba zisizokwisha, na video moja ilichukua kutwa nzima kutoka. Valens akaipandisha prosesa mwendo kupita ule wa kiwandani, na video zikaanza kutoka kabla sombe ya majani ya muhogo haijaiva jikoni. Wanaosema haraka haina baraka, alijiambia, hawajawahi kuhariri harusi.

Jumapili, aliyetendewa mema husimama kanisani kushuhudia. Valens akasimama, akaeleza jinsi Mungu alivyomfungua akili hata akawazidi watu wa kiwanda kwa mwendo. Vigelegele vikapigwa. Mkewe Adelaïde peke yake aliinamisha kichwa. Yeye alikuwa ameisoma garanti. Kama haitoshi, Valens akaurekodi ushuhuda huo, akautia muziki, akausambaza kwa WhatsApp.

Mashine ikachemka, ikazimika akihariri harusi ya Gaëlle, mteja wake, bwana arusi akiwa na keki mdomoni kwenye skrini. Haikuwaka tena.

Huko Goma, kwenye duka alikoinunua, fundi aliipima, hakuona alama ya mkono wa mtu. Valens akaapa kwamba hajagusa kitu. Mashine mpya ilikuwa tayari mezani wakati Papa Kanyamibwa, mwenye duka, alipoingia na kumtambua, uso ukamng'aa.

"Njo wewe wa ile video! Ushuhuda yako ilinigusa sana. Nilituma kwa bandugu yote."

Kisha akaiona mashine iliyokufa, na tabasamu likamtoka polepole.

"Sasa kaka, uniambie. Ulidanganya kanisa, ao iko mimi unadanganya?"

Aibu ilimchoma Valens mpaka masikioni. Aliitazama ile mashine mpya, akaitamani kuliko kitu chochote duniani. Halafu akawakumbuka wale waliompigia vigelegele.

"Kanisa sikudanganya, Papa."

"Mungu asifiwe," akajibu Papa Kanyamibwa kwa moyo safi, akairudisha mashine mpya kabatini.

Baba mkwe alipomwona akishuka garini na sanduku la mashine ileile iliyokufa, aliinuka kitini. Aliingia ndani kuleta jembe la pili.